Sehemu ya Kusikiliza

3 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Pokea salamu za kila aliye chini ya paa hili, na usinigombeze kwa kukawia, nitafika huko. Mama hajambo, mgongo umempa nafuu tangu aache kupandisha ndoo ngazini. Paka amezaa ndani ya sanduku la cherehani uliyoiacha, kwa hiyo mwezi huu hakuna anayeshona. Mimi bado niko kituo cha afya. Nafua mashuka ya wodi ya wazazi na kuyaanika juu ya paa, na mikono yangu ukiiona utadhani ni ya kikongwe. Siku wakunga wakielemewa hunipa kitoto kilichofungwa vizuri nikishike wakati wanamshughulikia mama yake, na siku hiyo sihisi hata uzito wa ndoo.

Matokeo yametoka. Nimekosa. Chuo cha ukunga kimeniandikia barua ya adabu, fupi kama risiti, kwamba alama hazikutosha.

Mtihani unarudiwa Juni. Anayerudia anaruhusiwa kuchagua sehemu mbili tu kati ya zile tano, na atakachopata safari hii kinafuta cha mwanzo hata kama ni kibaya zaidi. Fomu zinafungwa katikati ya Mei. Wewe ndiye pekee katika ukoo wetu uliyeufanya mtihani huu ukaufaulu, ingawa chuo hukwenda. Nisome nini? Mimi nafikiria Hesabu. Hesabu na mimi hatuivi chungu kimoja, unajua mwenyewe.

Nakupenda sana. Nijibu upesi.

Mwanao,
Kasuku


20 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba, na pole. Nililia kidogo, kisha nikakasirika, sasa nimetulia, tuzungumze.

Huku sijambo. Mwenye nyumba amepaka chumba changu rangi ya kijani ya hospitali, naamka nikidhani nimelazwa. Kiwandani tunashona mashati ya walinzi. Mimi bado ni mkaguzi: shati linakuja mezani, nageuza kola, navuta mshono, linapita au linarudi. Wasichana wa mashine wananiita Jicho. Wakiniona naelekea kwao wanakaa sawasawa.

Sasa wewe. Umejaza kurasa mbili, umenipa habari za paka na watoto wake, na alama hata moja hukunitajia. Nikushauri kwa kupiga ramli? Niandikie ulichopata sehemu kwa sehemu.

Wakati nasubiri, nisikilize. Hesabu ni shimo. Utalilia miezi minne, utapata alama mbili tatu za kujifariji. Sayansi yako najua si mbaya. Kusoma achana nayo, tangu utotoni unasoma hata karatasi za kufungia maandazi. Chagua Kuandika, kwa kuwa una maneno mengi yanayohitaji kufungwa kamba tu. Na ya pili iwe Kusikiliza. Hiyo ndiyo sehemu ya bure. Habari inasomwa kwenye spika mara mbili, wewe unaweka alama kwenye jibu. Mwaka wangu kulikuwa na mtu aliyesinzia na akafaulu. Washa redio kila siku, sikiliza taarifa ya habari, zima, andika ulichokumbuka. Basi.

Na usijaribu kunipigia simu kazini kama ulivyofanya siku ile. Laini yao ni mbovu. Andika.

Mama yako mdogo


14 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimecheka habari za rangi ya kijani mpaka mama akanishika bega kuuliza kuna nini, ikabidi nimwandikie kwenye kiganja. Yeye yupo vilevile. Juzi bomba la jirani lilipasuka, watu wote wakatoka nje na kelele, mama akaendelea kuchambua mchele mpaka maji yakaingia mlangoni. Tulisema amechoka. Siku hizi mama amechoka sana.

Redio ninayo, lakini betri zake hazikai. Na nyumba hii ina mwangwi, nadhani ni kwa sababu ya mabati. Kazini pia kuna mwangwi. Wiki iliyopita mkunga mkuu alinigombeza mbele ya watu, eti aliniita nikiwa nimempa mgongo nikajifanya simsikii. Nikamwambia nilikuwa na mawazo. Mashuka yale yakikauka yanapigapiga, mtu hawezi kusikia chochote juu ya paa.

Kuhusu alama, naona hazina maana tena, zimekwisha pita. Nimeamua kurudia Hesabu na Sayansi. Tafadhali usinisukume, nimelifikiria.

Nina swali dogo, la rafiki yangu anayerudia Kusikiliza. Ukumbini mtu anachagua kiti au anapangiwa? Spika huwa mbele, au huwekwa juu ya mlango nyuma? Na anayesoma huwa mwanamume au mwanamke?

Wako,
Kasuku


2 Aprili

Kasuku,

Huyo rafiki yako namjua. Nilimbeba mgongoni mpaka akaota meno.

Nilisoma barua yako nikiwa nasubiri chai ichemke, na chai ilichemka ikakauka. Hakuna mtu anayeuliza spika iko wapi isipokuwa mtu wa ukoo wetu. Bibi yako mtaa mzima ulisema ana kiburi, haitikii salamu. Mama yako mnasema amechoka. Mimi ilinianza nikiwa nimekwisha ajiriwa. Kwanza walipotea ndege, nikadhani mji huu hauna ndege. Kisha king'ora cha kutoka kazini. Sasa najua muda umekwisha nikiona wenzangu wanavua aproni. Unadhani kwa nini nakuandikia barua wakati kila mtu ana simu?

Lakini sisi wote ilitupata tukiwa watu wazima. Wewe hata ishirini na mbili hujafika. Hilo linaniuma, na sitalificha.

Haya, tulifanyie kazi. Nimemuuliza mwalimu wa masomo ya jioni anayekaa ghorofa ya chini, bila kumtaja mtu. Njia ni mbili. Ya kwanza, daktari wa masikio anakuandikia cheti, unasamehewa Kusikiliza, unarudia Hesabu na Sayansi, na vyuo vya maabara vitakupokea bila maneno, maana kule kazi ni macho. Lakini msamaha huo unachapwa kwenye matokeo, na chuo cha ukunga hakimpokei aliyesamehewa. Ya pili, unaufanya kama wengine, na unaufaulu bila kusikia.

Inawezekana. Watunzi wa mtihani ni wavivu. Mwalimu ameniazima visomo vya miaka ya nyuma, vile vinavyosomwa kwenye spika, na nimekunakilia vyote; vimo humu ndani. Visome kama unavyosoma barua. Utaona kila mwaka kuna mtu aliyepoteza mzigo kituoni, kuna mpangaji anayelalamikia chumba, na kuna mtaalamu anayeeleza habari za mimea. Jibu linalotajwa mwanzo karibu kila mara ni la uongo, kwa sababu mzungumzaji hubadilisha mawazo. Soma maswali yote kabla sauti haijaanza. Ukishika neno moja moja, yanayobaki utayajaza mwenyewe.

Umetaka kuwa mkunga tangu una akili zako. Mimi nasema chagua Kusikiliza. Usiende kwa daktari. Nimekagua mishono miaka yote hii nikiwa hivi nilivyo, na hakuna shati langu lililorudishwa.

Mama yako mdogo


11 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Watoto wa paka tumegawa, amebaki mmoja.

Barua yako imekaa chini ya godoro langu zaidi ya mwezi. Nilikasirika kwa sababu umesema wazi kitu ambacho nilikuwa nimekipanga vizuri kichwani kisiitwe kwa jina. Basi na mimi nikuambie wazi: Hesabu nilifaulu, Sayansi nilifaulu, zote nilifaulu. Kusikiliza nilipata alama za mtu aliyebahatisha, chini ya kima cha chini. Aliyesoma alikuwa mwanamke mwenye sauti nyembamba, nami nilisikia kama mtu anayeongea na chakula mdomoni.

Nilimuuliza mama ilimwanza lini. Aliweka mwiko chini, akanitazama, akasema, "Nyumba hii haina kiziwi."

Kisha nilikwenda kwa daktari wa masikio. Ndiyo, nilikwenda, ingawa ulinikataza. Nilikaa kwenye benchi na watu wengine, kuna muuguzi anatokea mlangoni na kuita. Nilikaa sana. Waliokuja nyuma yangu wakaingia na kutoka. Mwishoni yule muuguzi akaja kufunga dirisha, akashangaa kuniona, akaniambia nimeitwa mara tatu. Nilitoka nje nikacheka peke yangu barabarani, kicheko kibaya, watu wakanipisha.

Maabara ingenitosha, najua. Nimejiona kwenye koti jeupe nikitazama vichupa. Lakini nikishika kile kitoto wodini najua ninachotaka, na sitaki kingine.

Leo nimerudisha fomu. Kusikiliza na Kuandika. Visomo vyako nimevisoma mpaka karatasi zimelegea.

Kasuku


30 Mei

Kasuku,

Umefanya vizuri, na mama yako mwache, ndivyo alivyo. Nami nakuandikia kwa haraka kabla gari la posta halijapita.

Fika mapema ukae karibu na spika, upande wa sikio lenye nafuu. Usimtazame msimamizi anapokuongelesha kwa kumkazia macho mdomoni, watu hushtuka. Tazama pua, midomo utaiona kwa chini. Kula kabla ya kwenda.

Nipo na wewe.

Mama yako mdogo


19 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimepita.

Aliyesoma safari hii alikuwa mzee mwenye sauti nzito kama ngoma, na niliketi safu ya mbele. Kulikuwa na mtu aliyepoteza mzigo kituoni. Nilipoliona lile swali nikataka kumkumbatia mtu. Kwanza akasema, nadhani, kwamba mzigo ulikuwa mwekundu, nikaruka hilo jibu kama ulivyonifundisha. Nimevuka kima cha chini kwa alama chache mno, lakini matokeo hayaandiki umevukaje. Kuandika nimepata vizuri. Chuo kimenipokea.

Mama alinipikia, akanitazama nikila.

Nimekwisha hamia bweni. Chumba tuko wanne, kitanda changu cha juu, na ukutani kuna picha ya mwili wa mwanamke mjamzito uliokatwa ubavu ili tuone mtoto alivyolala. Darasani nakaa mbele, wananidhani nina bidii. Baada ya wiki chache tunaanza kupelekwa wodini. Sijui itakuwaje huko. Nasema tu, sijui.

Mwanao,
Kasuku


5 Septemba

Mkunga wangu,

Hilo ndilo jina lako sasa. Nimelitangaza kiwandani kote. Msimamizi wetu, mtu asiyecheka, alinipa mkono. Wasichana wa mashine wamekushonea aproni nyeupe ya mabaki, na kola nimeikagua mwenyewe.

Usiogope wodi. Kazi yoyote ukiitazama vizuri inakuonyesha cha kufanya. Mjamzito ana uso, ana mikono, ana jinsi ya kukaa, utasoma. Ukiulizwa jambo na hukulisikia, tabasamu na uitikie kwa kichwa. Watu wanapenda kukubaliwa, na wengi wao hata hawakuwa wanauliza kitu.

Leo nimekula peke yangu lakini nimejiwekea sahani nzuri.

Mama yako mdogo


2 Novemba

Kasuku,

Nimekuandikia mara mbili na hujajibu. Nimemwandikia mama yako, amenijibu habari za mgongo. Mbona kimya? Kama ni masomo, sema masomo. Kama ni mvulana, nitakutukana kidogo kisha yataisha. Kila nikikuta sanduku la barua tupu najiambia kesho. Aproni ilifika?

Mama yako mdogo


28 Novemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za nyumbani sina, sijaenda. Aproni ilifika. Niliivaa.

Nakueleza mara moja tu, kwa mpangilio, kwa sababu nikianza kulia sitaandika.

Kusikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni tunatumia kifaa cha mbao kama tarumbeta ndogo. Upande mpana unauweka kwenye tumbo la mama, upande mwembamba unaweka sikio, unahesabu huku unatazama saa ya ukutani. Siku ya kwanza sikusikia kitu. Nikadhani nimeweka vibaya. Siku ya pili vilevile. Wenzangu walikuwa wanainama, wanasikiliza, wanainuka na kuandika, basi na mimi nikainama, nikainuka, nikaandika. Nilikuwa naangalia karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, naona zamu iliyopita waliandika ngapi, naandika hiyo hiyo na kuipunguza kidogo ili zisifanane. Wiki zikapita hivyo. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa, akasema nina mkono mtulivu.

Kitanda cha dirishani alilazwa mwanamke mmoja, muuza mboga, mimba yake ya kwanza kufika mbali. Nilimpenda kwa sababu alikuwa anaongea polepole na midomo yake ilisomeka. Asubuhi moja aliniambia mtoto amekuwa mkimya, hachezi kama jana. Nikainama nikaweka kifaa. Sikusikia kitu, kama siku zote. Nilipoinuka akaniuliza, "Mzima?" Nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa. Nikaandika.

Mchana akapita mkunga mwenye zamu. Aliinama pale muda mrefu. Akahamisha kifaa, akasikiliza, akahamisha tena. Nilikuwa nimesimama kando, na uso wake niliusoma kabla hajamtuma mtu kumwita daktari. Mtoto alikuwa amekufa. Daktari alisema labda alikuwa amekufa tangu usiku, labda alikuwa bado hai asubuhi na angewahiwa. Hakuna anayejua ni lipi, kwa sababu mtu wa kujua asubuhi ile nilikuwa mimi.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo siku hiyo hiyo nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Aliandika kwa mkono ili nisome, kwamba nifungashe vitu vyangu, na kwamba litakalofuata nitaitwa kulijibu. Nitalijibu.

Sikuandikii ili kukulaumu, ingawa nakulaumu. Mama namlaumu pia. Lakini aliyeinama pale kila siku na kuinuka akijua hakusikia ni mimi, na hilo siwezi kuligawa. Wewe ulipima kazi yangu kwa kola za mashati, nami nilikuacha upime hivyo kwa sababu lilikuwa jibu nililolitaka.

Nimekwenda tena kwa daktari wa masikio. Nilisimama mlangoni mpaka zamu yangu ikafika. Cheti ninacho. Wakiniruhusu kufanya mtihani tena Juni, nitachagua Hesabu na Sayansi, niende maabara, na sihitaji ushauri.

Kabla sijaondoka niliomba kumwona yule mwanamke. Walinikatalia, kisha wakaniruhusu. Nilitegemea anitukane, na nilitaka anitukane. Alinishika kifundo cha mkono akanivuta mpaka uso wangu ukawa mbele ya wake, akasema, "Siku ile uliniambia mzima. Ulisikia nini?"

Nilimwambia sikusikia kitu. Akadhani sikumwelewa. Akaniuliza tena, polepole zaidi, neno moja moja, na mkono hakuuachia.

Kasuku